Nilivyowafundisha manesi wa Blantyre kuona maji kifuani kwa altrasaundi

Jamani nimerudi Mbeya na furaha niliyonayo acha tu. Tulienda Malawi, hospitali moja ya Blantyre, wodi ya watoto, kufundisha altrasaundi ya kitandani, yaani ile unampima mtoto palepale alipolala bila kumhamisha na oksijeni yake. Unavukia Kasumulu, Karonga, Mzuzu, mwendo kwelikweli, nauli na kula njiani ilinitoka kama laki mbili na ushee hivi.

Sasa walioandaa ratiba waling'ang'ania tuanze na fizikia, mawimbi, megahezi, nikakataa tangu tukiwa Mbeya nikaambiwa ndivyo inavyofundishwa kila mahali. Haya, asubuhi nzima slaidi, na wale watu wametoka zamu ya usiku! Manesi wakasinzia, matabibu wakawa kwenye simu, na siwalaumu hata kidogo maana wodini kuna mtoto anahema mbavu zinaingia ndani halafu wewe unamchorea mtu mawimbi. Mchana nikasema basi, nikaagiza sponji za kuoshea vyombo sokoni.

Nikachukua sponji kavu, nikapaka jeli, nikawapa probu, kile kishikio cha mashine kinachogusa ngozi, washike wenyewe. Kwenye kioo cha mashine huoni cha maana, hewa inarudisha sauti yote juu. Halafu nikaichovya kwenye maji, nikaikamua kidogo, wakaweka tena probu, hiyooo mistari myeupe inashuka wima toka juu mpaka chini kabisa. Chumba kizima kiliamka! Mama mmoja nesi wa siku nyingi akashika probu hataki kuachia, anajaza maji, anakamua, anaangalia, anaita wenzake. Tukaenda wodini hapohapo. Mtoto ambaye kifua chake hakina shida, ule mstari wa juu ya pafu unateleza kila akivuta pumzi na chini yake kuna mistari ya mlalo. Mwenye mapafu yaliyoloa, ile mistari ya sponji. Na mmoja tukakuta weusi mtupu kati ya mbavu na pafu, maji hayo, aliyeyaona wa kwanza ni yule mama.

Jeli ikaisha, dukani bei hazishikiki, tukapika yetu: maji vikombe kumi, unga wa muhogo kikombe kimoja, chumvi kidogo, unakoroga kwenye moto mpaka iwe nzito, inapoa, unatumia. Ila usipake kwenye kidonda wala penye kuchoma sindano, na usiiweke siku nyingi inaota ukungu.

Kingine, mkienda kufundisha, wafundisheni manesi na matabibu. Madaktari wa intani ni wazuri ila wanahama wodi kila mara na ujuzi unaondoka nao. Na msiwaache watu wasahau kuhesabu pumzi, mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, hiyo ni haraka hata kioo kiseme nini. Halafu kadoa ka chini ya sentimita 1 pembeni ya pafu kasiwafanye mkimbilie antibayotiki, virusi navyo vinaleta hivyo.

Kabla hamjaondoka ulizeni chaja inabaki kwa nani. Sisi tulimkabidhi yule mama, akaiandika kwenye daftari la makabidhiano ya zamu pamoja na probu, kwa hiyo kila zamu inasaini.