Tulivyompa binti yetu jina la bibi yake, baada ya kuambiwa halifai

Nina mtoto wa kike wa miezi mitano, na tangu azaliwe naulizwa mbona jina lilisumbua vile, mbona siku nne nzima mtoto anaitwa "mtoto" tu. Naandika maana najua kuna mwenzangu saa hizi ana tumbo la miezi nane na nyumba nzima kila mtu ana jina lake mfukoni.

Sisi ni watu wa dini pande zote mbili. Baba yangu anasalisha msikiti wa mtaani kwetu hapa Tanga, na kwa mume wangu Pangani ndo usiseme, wamekua wote na chuo cha Qurani uani, watoto wa mtaa mzima wamesomeshwa pale. Kwa hiyo jina kwetu haliokotwi tu kwa sababu linasikika vizuri. Linaulizwa maana yake, nani alikuwa nalo kabla, na mtoto akiwa mkubwa litamkumbusha nini.

Mama mkwe alifariki mwezi wa Rajabu, mimi nikiwa bado sijabeba mimba. Siku ya hitima yake mume wangu aliniambia, tukijaaliwa wa kike namrithisha mama. Nikamwambia inshaallah, na sikusema kwa kumridhisha, yule mama alinipokea nikiwa mwali sijui hata kuchuja tui akanisimamia jikoni bila kunipandishia sauti. Ila niseme kitu kimoja, jina lake sijawahi kulitamka mdomoni mwangu akiwa hai. Mkwe haitwi jina kwetu, ni mama, hata kwenye simu nilimsevu Mama Pangani.

Jina lake Asia.

Mtoto alizaliwa Alhamisi baada ya Isha, yani usiku wa kuamkia Ijumaa. Baba yake akamwadhinia sikio la kulia, asubuhi babu yake mzaa mama akaja akamlambisha tende iliyolainishwa, dua ikasomwa, raha tupu. Shangazi yangu akasema huyu kazaliwa usiku wa Ijumaa ni Mwajuma huyu msihangaike. Mume wangu akasema hapana ana jina tayari, akalituma kwenye grupu la familia yao wasap.

Haikupita saa, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu ambaye amesoma dini na tunamheshimu kwa hilo, akaleta voisi ya dakika karibu sita. Kwamba jina Asia maana yake mwenye kuasi, na Mtume (s.a.w.) alimbadilisha binti wa Sayyidna Umar aliyekuwa akiitwa jina hilo akamwita Jamila, hadithi ipo kwenye Sahihi Muslim. Akaongeza na kisa cha yule mzee aliyeitwa Hazn, yani ugumu, Mtume akamwambia wewe ni Sahl, wepesi, yule mzee akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin Musayyab akaja kusema ule ugumu haukututoka mpaka leo. Hiyo ipo kwa Bukhari. Akamalizia kwa upole tu, "kaka, mama tunampenda wote, ila tusimbebeshe mtoto."

Sasa nyie fikirieni mume wangu. Hakujibu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, simu mkononi imeshazima kioo, mtoto analia yeye hasikii. Baadae ndo akaniambia kinachomuuma sio jina la mtoto, ni kwamba mama yake kaishi miaka sitini na kitu anaitwa muasi na hakuna aliyemwambia.

Mama yangu naye kisa cha Hazn kilimwingia. Dada yake mkubwa aliitwa Tabu, alizaliwa kipindi cha njaa, na maisha yake yote watu walikuwa wakiyasoma kupitia lile jina, akiachika ni kwa sababu ya Tabu, akiugua ni Tabu. Mama akanishika mkono akasema mwanangu mi nakuomba, tafuta jingine.

Basi majina yakamiminika. Grupu la kwao, grupu la kwetu, wifi zangu, majirani. Kuna jina mdogo wangu alilitoa intaneti limeandikwa maana yake "nuru ya Peponi", zuri kweli kulisikia, lakini kila ukurasa una maana yake tofauti na hakuna hata mmoja ulioonyesha linaandikwaje kwa Kiarabu. Hapo nikaanza kupata wasiwasi na hizi orodha. Neno la Kiarabu lina mzizi wake, huwezi kujua limetoka wapi mpaka uone herufi. Mimi mwenyewe nilikuwa na Nusaiba moyoni, nililipenda tangu nasoma chuoni, na ningeweza kabisa kulisukuma wakati ule, mume wangu alikuwa amechoka angekubali. Nilimwangalia nikashindwa.

Jumatatu akaja kuniona mwalimu wangu wa chuoni, mama mtu mzima, ndiye aliyenishika kidole kwenye alifu bee tee. Nikamwamkia, "Shikamoo Maalim." "Marahaba mwanangu, hongera, Mola akukuzie." Akamchukua mtoto, akauliza jina nani. Nikaanza kulia. Nilivyomaliza kumweleza hakusema hadithi si kweli, wala hakusema shemeji yako kakosea. Aliuliza swali moja tu.

"Linaandikwaje?"

Nikasema A-S-I-A. Akasema hapana, kwa herufi zake. Nikanyamaza. Miaka yote nilisoma kwake na sikujua.

Akamlaza mtoto mapajani, akachukua bahasha ya kaki ambayo jirani alinitilia hela ya sabuni, akaomba kalamu. Akaandika neno la kwanza taratibu, linaanza na aini, halafu alifu, halafu swadi, yee, na tee ya kufunga mwisho. Akasema hili ndilo alilolibadilisha Mtume, mzizi wake ndo huu tunaosema kwa Kiswahili kuasi, muasi, maasi. Chini yake akaandika la pili. Hili linaanza na alifu yenye madda, ile ya kuvutwa, halafu sini, yee, tee. Akasema hili ni jina la mke wa Firauni, Bibi Asiya binti Muzahim, na mzizi wake ni wa kuuguza na kutibu, mwenye kuliwaza. Akayapigia mstari katikati, "haya hayajuani hata kidogo, yamekutana kwenye herufi za kizungu tu, na kwenye midomo yetu sisi tusiotoa aini wala swadi."

Nilibaki naangalia ile bahasha. Sini na swadi jamani, kitu alichotuchapia tukiwa na miaka saba, mtoto akisoma swadi kama sini anarudishwa mwanzo wa sura.

Akaendelea kunikumbusha. Kwenye Suratul Qasas ni huyo mama aliyesema kuhusu Musa alipookotwa mtoni, kiburudisho cha macho kwangu na kwako, msimuue. Kwenye Suratu Tahrim aya ya 11 Mwenyezi Mungu kampigia mfano kwa walioamini, pale alipoomba "Mola wangu nijengee kwako nyumba Peponi." Qurani haikumtaja kwa jina, jina limekuja kwenye hadithi, ile ya kwamba waliokamilika katika wanawake ni Asiya mke wa Firauni na Maryam binti Imran, na hiyo imo kwa Bukhari na kwa Muslim vilevile. Mwanamke aliyekaa nyumba ya dhalimu mkubwa kuliko wote na imani yake haikutetereka. Halafu akaniambia, na wewe ulikuwa unataka kumbadilisha?

Akanipa na jingine la kufikiria. Mtume alibadilisha hata majina mazuri, kulikuwa na wanawake wanaitwa Barra, mwema, akawabadilisha, mmoja akawa Zaynab, kwa sababu mtu asijisifie utakaso, mwingine akawa Juwayriya, maana hakupenda isemwe katoka kwa Barra. Kwa hiyo kukimbilia tu neno lenye maana tamu tamu nako sio usalama.

Mume wangu alivyorudi kutoka kazini nikampa bahasha kabla hajakaa. Aliisoma amesimama hivyo hivyo mlangoni, viatu miguuni. Akaipiga picha akamtumia mdogo wake, bila neno lolote. Usiku kimya. Kesho yake baada ya Alfajiri shemeji akapiga simu akataka aongee na mimi, akaniambia, "Shemeji nisamehe, nimeenda nimemuuliza shekhe wangu, mama hakuwa na ubaya wowote. Mimi nilisikia tu Asia nikaharakisha." Nikamwambia hukukosea kuogopa, umetufanya tujue. Na kweli nilimaanisha, bila ile voisi yake mi ningemwita mwanangu jina maisha yote bila kujua nimemwita nani.

Ila tukakubaliana jambo moja, liandikwe Asiya, na baba yake amfundishe kulivuta mwanzo. Hiyo ya kuandika msiidharau. Fomu ya cheti cha kuzaliwa mume wangu mwenyewe aliijaza kwa mazoea akaandika Asia kama lilivyokuwa kwenye karatasi za mama yake, nikaiona kabla haijapelekwa, tukaomba nyingine. Kurekebisha kabla ni dakika tano, cheti kikishatoka ni safari na viapo.

Siku ya saba iliangukia Alhamisi, maana aliyezaliwa usiku mnaanza kuhesabu mchana unaofuata. Mbuzi mmoja kwa kuwa ni wa kike, wazee wakasimamia mifupa isivunjwe, nyama ikatolewa kwenye viungo. Akanyolewa na bibi yake mzaa mama, nywele zikawekwa kwenye leso zikapelekwa kwa sonara kupimwa, zilikuwa nyepesi hata mzani ulisitasita, tukatoa sadaka kwa thamani ya fedha ya uzito huo na tukazidisha. Jina likatangazwa.

Nilikuwa kwa mama yangu mpaka arobaini. Siku nilipotoka baba mkwe akaja kutoka Pangani, anatembea kwa mkongojo sasa hivi. Akakaa mkekani, nikamwekea mtoto mikononi. Akauliza, "Enhe, huyu mnamwita nani?" Alishaambiwa, alijua, ila alikuwa ananiuliza mimi. Mume wangu akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka lile jina mbele yake, ulimi mzito, nikalivuta kama Maalim alivyonionyesha.

"Aasiya, baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Hivyo hivyo," akasema. "Mama yake ndo alivyokuwa akimwita. Sisi ndo tulilikata."

Nyumbani baba yake anamwita mama. Dada yake marehemu mama mkwe anamwita somo, yani wa jina moja, kwa niaba ya ndugu yake, kila akija lazima alete kitu, "hiki cha somo yetu." Mimi bado nikimbembeleza usiku nasema bibi, lakini kliniki wakiita naitika kwa jina lake zima, na yule nesi akilikata namwambia livute dada, livute mwanzo.