Siku mtu wa Kondoa alipovua samaki mbele yangu

Mwaka 2017 nilikaa Bangkok siku 11 na mjomba wangu. Yeye ni mtu wa mawe ya vito, tanzanite na spineli za Mahenge, na wanaoijua biashara ile wanajua kinachokula muda sio kuuza, ni kusubiri. Unampa mnunuzi mzigo pale mtaa wa Silom anauangalia na taa, anakurudishia nusu, anasema njoo kesho, kesho ukienda anasema njoo Jumatatu. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba begi na kuongea Kingereza. Ikafika Ijumaa, wanunuzi wengi washaenda Chanthaburi kwenye soko la mawe la wikiendi, sisi tumebaki hotelini tunahesabu matobo ya kiyoyozi.

Ndo kijana wa mapokezi akatuonyesha picha kwenye simu, mzungu kasimama ndani ya maji kakumbatia samaki kama ndama. Akasema ni hapa hapa mjini, bwawa linaitwa Bungsamran, unalipa unavua siku nzima. Mjomba akaniangalia. "Anko, wewe si mtoto wa Kirumba?"

Ni kweli. Nimekulia Mwanza, Kirumba, marehemu baba alikuwa na mitumbwi miwili ya sangara, na mimi kabla sijajua kusoma nilishajua kutofautisha harufu ya dagaa wa jana na wa leo. Mjomba yeye ni Mrangi wa Kondoa, ameenda machimbo ya tanzanite Mererani akiwa kijana, samaki anamjua akiwa kwenye sahani. Kwahiyo nkajibu kwa dharau zote, twende nikakuonyeshe.

Asee lile bwawa. Liko katikati ya nyumba za watu, limezungukwa na vibanda vya mbao juu ya maji, unakaa mbele ya kibanda na fimbo yako, unaagiza wali unaletewa. Maji rangi ya chai ya maziwa. Na kila baada ya muda kitu kinatoka juu kinapumua puuuh alafu kinazama, nkajua huyu ni ndugu wa kamongo, kumbe ni arapaima, samaki wa mto Amazon kule Brazil, naye anapumua hewa kama kamongo wetu. Nkamwambia mjomba huyo mgeni hapa, kaletwa. Mjomba akashangaa mtu anawezaje kuleta samaki toka bara lingine. Nkamwambia hata sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, hakuzaliwa pale, akamaliza wenyeji wengi. Mjomba akakaa kimya kidogo, akasema basi nyie wa Mwanza mnaringia mali ya kuletewa.

Tuliyekuja kumtafuta sisi lakini alikuwa mwenyeji, kambare mkubwa wa mto Mekong. Huyu hana meno, hana ndevu za maana kama kambare tuliyemzoea, yeye majani na mwani wa kwenye mawe ndo chakula chake, na bado mwaka 2005 kule kaskazini Chiang Khong wavuvi walimtoa mmoja wa kilo 293. Kilo 293! Sangara akifika 200 kijiji kizima kinakuja kuangalia. Ila mtoni wamebaki wachache mno, mabwawa ya umeme na uvuvi vimewamaliza, hawa wa kulipia wanazalishwa na binadamu alafu wanamwagwa kwenye mabwawa. Yaani mto wake mtupu, bwawa la mjini limejaa. Hilo lilinikaa kichwani siku nzima.

Tulipewa kijana wa kutusaidia, Kingereza chake maneno kama 10 hivi, yanatosha. Chambo ni mkate uliosagwa na pumba, analoweka anakanda mpaka linakuwa tonge, na sio tonge la mkono mmoja, ni ugali wa mtu na familia yake. Ndoano inachungulia pembeni, na kile kijino chake cha kuzuia samaki asichomoke amekiminya na koleo ili isimchane samaki wakati wa kumtoa. Nkacheka. Mimi nimefundishwa ndoano isiyo na kijino ni msumari.

Saa nne na kitu boya likazama, sio kutikisika, likapotea. Kijana akanipa fimbo, akanivalisha mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kuwekea kitako cha fimbo, uzi unatoka kwenye rili, lile gurudumu la kukunjia uzi, unalia kama cherehani. Kijana anapiga kelele "wait, wait", ananionyesha kwa mikono niache aende. Sasa mtoto wa Kirumba umwambie aache samaki aende? Baba alikuwa anasema mshipi usisikilizwe na mti, usikilizwe na kiganja. Nkashika uzi.

Ule uzi sio mshipi wetu ule mnene. Ni uzi wa kusuka, mwembamba, na upande wa pili kuna mnyama anaondoka. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia joto, alafu nkaona damu kwenye mkanda. Nimechanika kiganja toka kidole gumba mpaka katikati.

Fimbo akaidaka mjomba. Mtu wa Kondoa! Na kwasababu hajui kitu chochote alifanya kila alichoambiwa. Kijana akisema acha, anaacha. Akisema vuta, anavuta, anainua fimbo polepole, anashusha huku anazungusha. Dakika 40 na ushee, shati limemlowa, anataja mitume yote, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nimebana taulo. Samaki alipokuja juu alikuwa mweupe tumboni, ngozi laini haina magamba, kijana akamkadiria kilo 50. Hakumtoa nje, alimwacha ndani ya wavu kwenye maji.

Akafungua kiboksi, akatoa chupa ya dawa na pamba. Nkanyoosha mkono. Akanipita. Akapiga magoti, akamsafisha samaki mdomo pale ndoano ilipokuwa, taratibuuu, kama anampaka mtoto, akampiga picha na mjomba, akamwachia. Ndo akanigeukia mimi. Na ilikuwa chupa ile ile.

Picha mjomba anayo mpaka leo, kwenye kila msiba na kila harusi lazima itoke. Amecheka mpaka gego. Mimi nimekatwa na fremu, linaonekana taulo tu.