Spana ya skrepa: siku moja gerejini kwangu Busia

Saa moja asubuhi nafungua gereji, hapa Busia upande wa Uganda. Kijana wangu anafagia, mimi nahesabu spana. Chai baadaye.

Saa mbili anaingia mkulima wa nyanya na pampu ya maji, injini ya Honda GX160. Kuwaka ni shida, ikipata moto inazima. Amekwisha safishiwa kabureta mara mbili kwingine, pesa zimekwenda. Mimi nafungua kifuniko cha vali. Fila geji yangu, majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya wa vali, niliiokota kwenye debe la takataka, majani yake mengi yamekatika, lakini la 0.15 na la 0.20 yapo, na injini hii ya toleo la zamani haitaki zaidi: milimita 0.15 vali ya kuingiza, 0.20 ya ekzosi, injini ikiwa baridi. Upande wa ekzosi hata la 0.15 linagoma kupita. Vali imebana, ikipata moto inarefuka, haifungi tena, na kompresheni, ule mgandamizo wa silinda, inavuja. Nalegeza nati, narekebisha, kamba inavutwa mara moja tu, inawaka.

Saa nne mama wa skrepa, anayeuza vyuma chakavu, anasimamisha toroli mlangoni. "Fundi, leo nina vizito." Siku zote nachagua kwa mkono kabla ya macho, maana chuma kizuri kina uzito wake. Chini ya rimu ya baiskeli natoa ringi spana, ile ya mdomo wa duara, iliyokula kutu. Nasugua kwa kidole gumba na mafuta ya taa: 1/4 W. Hiyo W ni Whitworth, Mwingereza aliyependekeza vipimo vya nyuzi za bolti mwaka 1841. Namba yake hutaja unene wa bolti, hapa robo inchi, si upana wa kichwa, ndiyo maana vijana huitupa. Kinywa chake ni kama milimita 13.3. Mama anaipima pamoja na rimu, kwa bei ya kilo. Sikubishana.

Posho, yaani ugali, na maharage, haraka.

Saa nane nasikia kijana akilaani. Bolti ya spana ya milimita 14 kwenye fremu ya pikipiki ya Boxer imelika kichwa, imekuwa duara. Spana yake mpya, inayong'aa kama kijiko cha harusi, imepanuka mdomo.

"Mzee, tukate kwa patasi?"

"Subiri kwanza."

Naisimamisha ile ya 1/4 W juu ya bolti, naigonga kwa nyundo mpaka inajikata nafasi yake kwenye kichwa kilicholika. Chuma kinalia. Naegemea kwa uzito wangu wote, polepole, hadi nasikia "ta!" Kutu nyekundu inamwagika kwenye nyuzi.

Saa kumi na mbili tunafunga. Spana imelala ndani ya kopo la dizeli. Kijana hajaondoka, anazungukazunguka mlangoni, halafu anauliza mama wa skrepa kesho anapita saa ngapi.