Ngozi ya mbuzi kwa maganda ya mkandaa: siku 24, vipande viwili

Maelekezo mengi ya kutengeneza ngozi kwa maganda yameandikwa kwa kufuata mwaloni, mti wa Ulaya. Pemba hatuna mwaloni, tuna mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, na hapo ndipo hesabu zinapovurugika. Ganda la mwaloni lina tanini, ile dawa yenye ukakasi inayoigeuza ngozi mbichi, kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Ganda kavu la mkandaa mzuri hufika robo na hata kupita. Anayeshika kipimo cha mwaloni kama kilivyo huitia ngozi kwenye maji makali mno tangu siku ya kwanza. Basi ngozi moja imekatwa nusu mbili kwa mstari wa mgongo: A kwa maji makali moja kwa moja, B kwa maji yanayopandishwa ukali kidogo kidogo.

Vitu: ngozi mbichi kilo 1.4; chokaa ya tanuu iliyozimwa gramu 140; maganda makavu kilo 1.5, yaliyobanduliwa kwenye fito zilizokatwa kwa kibali (mkandaa uliosimama ukibanduliwa ganda kuuzunguka hufa). Ndoo za plastiki, sufuria ya alumini, ndimu, siki, manjano, mafuta ya nazi.

Siku ya 1–5. Chokaa ndani ya lita 6 za maji, ngozi ikageuzwa asubuhi na jioni. Siku ya 5 manyoya yalitoka kwa kusukumwa na kidole gumba. Yaliparuliwa juu ya gogo kwa kisu butu, kisha nyama na mafuta ya upande wa ndani. Uzito uliobaki: gramu 900.

Siku ya 6. Kutoa chokaa. Maji safi mara nne, halafu lita 5 za maji na ndimu sita, saa tatu. Kipimo ni manjano: kata ukingo wa ngozi, dondoshea maji ya manjano hapo penye mkato. Yakigeuka mekundu, chokaa ingali ndani. Yakibaki ya manjano, imetoka. Mara ya kwanza kingo zilikuwa safi lakini katikati pana mstari mwekundu. Saa mbili zaidi zikaumaliza. Hatua hii haina njia ya mkato, kwa sababu tanini ikikuta chokaa huwa nyeusi-nyeusi na ngozi hukauka ikikatika.

Maji ya maganda. Maganda yalitwangwa kinuni hadi vipande vidogo kama punje za mahindi, si unga, maana unga huziba chujio. Hukamuliwa kama nazi: mara tatu, kila mara lita 5, maji ya moto wa digrii 70 hivi, usiku kucha. Tui la kwanza ndilo kasimile, yaani zito, la tatu ni jepesi. Yasichemke. Tanini ya mkandaa ni ya jamii ya katekini, vipande vilivyoungana mnyororo, na ikichemshwa minyororo hiyo huzidi kuungana hadi inakuwa flobafeni, tope jekundu lisiloyeyuka. Ukiona mashapo mekundu chini ya ndoo yalipopoa, hiyo ni tanini uliyoipoteza.

Kuijua jamii yake ni rahisi: misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku tatu, kisha tone moja kwenye maji ya maganda. Mkandaa hutoa weusi wa kijani. Tanini ya vinundu vya mwaloni, iliyojengwa kwa asidi ya galiki, hutoa weusi wa bluu.

Siku ya 7. A imeingia kwenye nusu ya kasimile, lita 2.5. B kwenye maji ya tatu, yaliyotiwa ndimu hadi pH 5 (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, asidi imezidi).

Siku ya 9. A ina rangi nzuri ya kahawia nyekundu na uso umeanza kufinyana. B bado imepauka. Mtu akitazama kwa macho tu atasema A imeshinda.

Tone la kasimile ulimini lina ukakasi kuliko zambarau mbichi. Tanini hushika protini za mate, utelezi ukaondoka. Kolajeni, protini ya ngozi, hushikwa vivyo hivyo, na chakula tumboni pia, ndiyo maana chicha ya maganda isimwagwe mbuzi wanapokula. Tanini ya mkandaa ikizidi humnyima mnyama protini ya malisho. Ya mwaloni ina hatari nyingine: bakteria wa tumboni huivunja kuwa asidi ya galiki na pirogaloli, na ng'ombe waliokula sana matunda mabichi ya mwaloni huharibika figo.

Siku ya 11. B kwenye maji ya pili. Doa jeusi kama sarafu limeonekana kwenye B: msumari wa kutundikia. Maji ya ndimu, dakika kumi, limefifia bila kwisha.

Siku ya 16. B kwenye nusu ya kasimile iliyobaki, siki ikishusha pH hadi 4 ili tanini ijishike.

Siku ya 21. Wembe ukingoni. B ni kahawia mpaka ndani. A ni kahawia, nyeupe, kahawia. Huo weupe mnene kama uzi wa kushonea. Si uhaba wa tanini: ute wa yai ukidondoshwa kwenye maji ya A bado unaganda. Uso ulishikwa haraka, ukajifunga, njia ya kwenda ndani ikazibwa.

Wengine hupima kwa maji yanayochemka. Kwa ngozi ya maganda kipimo hicho hakifai, itajikunja tu hata ikiwa nzuri. Tumia digrii 70: ukanda wa B haukubadilika, wa A ulijikunja kama ganda la mdalasini.

Siku ya 22–24. B imesuuzwa, ikapakwa mafuta ya nazi gramu 30 ingali na unyevu, ikakaushwa kivulini na kuvutwa kila baada ya saa chache. Mafuta ya sifa, yaani ya samaki, hupenya vizuri zaidi, ila harufu yake haitoki. A imekauka ngumu, inalia ikigongwa.

Ukanda wa A umetiwa kwenye maji ya magadi, gramu 5 kwa lita, kuivua tanini ya juu. Baada ya saa moja maji yamekuwa mekundu kama hina. Kesho ndimu, kisha maji mepesi ya maganda mapya.