Wali wa Nazi na Mbaazi Katika Jiji la Panama

Mgeni anayefika katika jiji la Panama hupelekwa kwanza Miraflores, penye malango ya Mfereji wa Panama, kutazama meli zikipandishwa na maji, na kwa hakika inastaajabisha kuona chuma kizito namna ile kikiinuka taratibu bila pampu hata moja, kwani maji hushuka yenyewe kutoka maziwa ya juu, likiwemo Gatún, lililo mita 26 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi niliyehamia hapa kutoka Tanga, ndugu zangu wanaponitembelea, huwaanzishia mezani. Huwapakulia wali uliopikwa kwa tui la nazi pamoja na guandú, ambazo ni mbaazi hizi hizi zetu, kando yake kuku wa mchuzi na ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa bapa, kisha zikakaangwa tena. Achari ya mezani hutengenezwa kwa pilipili mbuzi, kali kweli kweli.

Upishi huo wa nazi ni wa watu weusi wa upande wa Karibi, na historia yao haitenganiki na mfereji wenyewe. Wengi wa waliouchimba hadi ukafunguliwa mwaka 1914 walitoka Barbados, Jamaika na visiwa jirani. Walilipwa kwa sarafu za fedha, wakatengewa makazi na shule duni, ilhali Wamarekani weupe walilipwa kwa dhahabu. Habari zao zimehifadhiwa katika Museo Afroantillano, jumba dogo la makumbusho lililokuwa kanisa lao, ambalo watalii wengi hulipita bila kulitupia jicho. Kwa maoni yangu, anayelikosa huondoka Panama akiwa ameona meli tu.

Casco Viejo, mji uliojengwa kuanzia 1673 baada ya ule wa awali kuteketea haramia Henry Morgan alipouvamia mwaka 1671, unapendeza kwa roshani zake na altare ya dhahabu ya kanisa la San José, ila migahawa yake ni ghali mno. Ni afadhali kutembea hadi soko la samaki lililo karibu, ambako huuzwa ceviche, yaani samaki mbichi aliyelowekwa katika maji ya ndimu pamoja na vitunguu. Jamaa zangu wa Pwani huisitasita mwanzoni, lakini wakishaonja huagiza ya pili wenyewe.