Magoti ya watoto wangu wa jimnastiki: tulipunguza kutua, hatukusimamisha mazoezi

Nafundisha watoto jimnastiki mjini Arua, Uganda, kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji na magodoro machache. Kila mwaka wapo wanaoanza kulalamika goti, na wengi ni wale waliorefuka ghafla. Msichana mmoja wa miaka 11 alifika mahali akawa anachechemea kila baada ya samasoti, yaani kupinduka hewani. Chini ya pia ya goti alikuwa na kinundu, ukikigusa tu anaruka.

Mtaalamu wa viungo alituambia ni Osgood-Schlatter, jina la madaktari wawili walioueleza ugonjwa huu mwaka 1903. Ukano wa goti umeshika juu ya mfupa wa muundi, mahali ambapo kwa mtoto bado ni gegedu laini, haijawa mfupa mgumu. Mifupa ikirefuka haraka, msuli wa paja unakaza, na kila akiruka au kutua unavuta palepale. Huwapata zaidi wasichana wa miaka 8 hadi 13 na wavulana wa 10 hadi 15.

Mama yake akaniuliza, "Kocha, si bora akae nyumbani mpaka apone?" Nikamwambia, "Mama, hii huweza kuchukua miezi, hata mwaka na zaidi. Akikaa tu, miguu itadhoofika. Niachie nipunguze kutua."

Basi samasoti na kuruka kutoka juu tukaziweka kando. Akabaki na kusimama kwa mikono, daraja (kupinda mgongo kwa nyuma), mizani (kusimama kwa mguu mmoja) na kazi za tumbo. Kuchuchumaa sana na kupiga magoti sakafuni, hapana. Nikamfundisha kuegemea ukuta kama amekaa kwenye kiti, magoti yakunjwe kidogo tu pale yasipouma, ashikilie nusu dakika. Kabla ya kuondoka ananionyesha maumivu kwa vidole, kumi yakiwa makali kabisa. Vidole viwili au vitatu, tunaendelea, ila asubuhi yake goti liwe limetulia. Likiamka na maumivu zaidi, mazoezi yanayofuata napunguza. Nadhani kipimo hiki cha asubuhi ndicho kilichotusaidia kuliko vyote.

Nyumbani walikuwa wakimkanda kinundu kwa nguvu. Niliwaomba waache, waweke barafu kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, waizungushie kitenge, dakika kumi hivi baada ya mazoezi. Inatuliza, haiponyi.

Kutua tulikurudisha kidogo kidogo: kwanza kurukaruka papo hapo kwenye godoro, halafu kutoka kwenye benchi fupi, samasoti mwisho. Sasa anaruka tena. Kinundu bado kipo na huenda kikabaki, lakini hakimsumbui.

Siku hizi napima urefu wa watoto wote kila mwezi, kwa chaki mlangoni. Anayerefuka haraka nampunguzia kutua kabla hajalalamika. Ila mtoto mwenye homa, goti lililovimba lote, maumivu ya kumwamsha usiku au ya nyonga, au aliyetua akashindwa kunyoosha mguu, simgusi. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo.