Nilivyoling'oa gurudumu la nyuma lililoganda kwa kutu

Gurudumu la nyuma la trekta langu dogo la kukatia nyasi halifungwi kwa nati hata moja. Ukibandua kifuniko cha plastiki cha katikati, unakuta klipu ya chuma, washa nyuma yake, kisha ncha ya ekseli. Unatoa klipu, unatoa washa, unavuta gurudumu. Kwa trekta jipya kazi hiyo huisha kabla chai haijapoa. Langu ni kuukuu na limelala nje misimu mingi. Klipu ilitoka, washa ikatoka, gurudumu likabaki palepale.

Na lilikuwa lazima litoke. Sili ya oili ya giaboksi, ile pete inayozuia oili isitoke pembeni mwa ekseli, upande wa kushoto ilikuwa inavuja, na sili hiyo imejificha nyuma ya gurudumu.

Kwanza nilitaka kuelewa ni nini hasa kinachoshika. Ekseli ina unene wa inchi 3/4, yaani milimita 19 hivi, na habu, lile bomba fupi la katikati ya ringi, limeivaa bila nafasi ya ziada. Kati yao kuna kii, kipande cha chuma cha mraba kinacholala nusu kwenye mfereji wa ekseli na nusu kwenye mfereji wa habu. Hicho ndicho kinachofanya ekseli ikizunguka, gurudumu nalo lizunguke. Maji yakipenya humo, chuma huota kutu, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Haina pa kwenda, basi inabana ekseli kutoka pande zote.

Kila aliyepita alinishauri nyundo. Nyundo nzito, nyuma ya ringi, kwa nguvu zote! Sikukubali. Ringi hizi ni za bati na hupinda. Ukigonga ncha ya ekseli nayo inachanua, na habu haiwezi tena kupita juu yake. Isitoshe, kila pigo linasafiri hadi ndani ya giaboksi, ambalo gamba lake ni la aluminiamu. Moto nao niliukataa. Kupasha ringi ikiwa na tairi ni hatari, tairi linaweza kulipuka, na mimi nilikuwa nimekusudia kutumia dawa inayoshika moto upesi.

Dawa yenyewe ya kulegeza kutu ni oili ya giaboksi ya otomatiki ya gari na asetoni, kile kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha, nusu kwa nusu. Vimiminika hivi hujitenga, kwa hiyo unatikisa chupa kila unapotaka kumimina. Nilichomoa waya wa plagi, nikaweka kabari magurudumu ya mbele, nikainua upande wa kushoto kwa jeki na kuuegemeza juu ya magogo. Upande ukiinuka hivyo, ncha ya nje ya ekseli inakuwa juu na dawa inateremka yenyewe kuelekea ndani. Kisha nilizungusha gurudumu mpaka mfereji wa kii ukawa juu kabisa, nikamimina hapo. Watu wengi hupulizia dawa kuzunguka habu na kuondoka, lakini mfereji wa kii ndio njia pekee iliyo wazi kidogo, na dawa ikipita humo inafika hadi mwisho wa habu. Nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Hapa subira inafanya kazi kuliko misuli.

Kabla ya kuanza kuvuta nilichora kwa msumari mstari mwembamba juu ya ekseli, palipokutana na habu kwa upande wa ndani. Bila alama huwezi kujua kama gurudumu limesogea au ni macho yako tu yanatamani.

Nilijaribu pia ujanja ambao wenye matrekta haya wanaujua. Nilirudisha washa na klipu ili gurudumu lisinichomoke, nikaliendesha trekta taratibu mahali tambarare, visu vikiwa vimezimwa, nikikata kona kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kii huwa na mchezo mdogo sana ndani ya mfereji wake, na kubadilisha mwelekeo mara kwa mara kunaitikisa habu. Alama yangu haikusogea, ila maji ya rangi ya kutu yalianza kuchuruzika pembeni ya habu. Nikajua dawa imeingia.

Kilicholing'oa hatimaye ni pula, yaani kifaa cha kuvutia gurudumu litoke, ya kujitengenezea. Pula ya dukani yenye makucha ingeshika ukingo wa ringi na kuukunja. Bahati nzuri ringi yangu ina matundu, kwa hiyo nilikata bamba nene la chuma vipande viwili, kila kimoja kikiwa na nusu duara, nikavikutanisha nyuma ya habu na kuvifunga kwa bolti vikaizunguka ekseli. Nikapitisha fimbo mbili za chuma zenye nyuzi kwenye matundu ya ringi, moja kila upande, zikashika bamba hilo kwa nyuma. Mbele nikaziunganisha kwa flatibaa, yaani upau bapa wa chuma, nene yenye tundu katikati, nati yenye bolti kubwa ikiwa imechomelewa juu ya tundu hilo. Bolti ikikazwa inasukuma ncha ya ekseli huku bamba likivuta habu. Nguvu yote inazunguka kati ya habu na ekseli, giaboksi haiguswi. Kati ya bolti na ekseli niliweka kipande cha shaba ili ncha isiharibike.

Nilikaza mpaka spana ikagoma, nikaigonga habu, siyo ekseli, kwa nyundo ndogo nikiizunguka, nikamimina dawa na kuliacha usiku kucha likiwa limevutwa hivyohivyo. Asubuhi bolti ilikubali robo mzunguko. Ukasikika mlio mkali wa chuma (vaa miwani, na usikae mbele ya fimbo hizo), na mstari wangu ukaonekana umeachana na habu kwa upana wa ukucha. Kuanzia hapo ilikuwa kukaza, kugonga, kumimina, mpaka gurudumu likaja lote na kii yake.

Ekseli niliisugua kwa brashi ya waya kisha msasa laini. Sili mpya ina mdomo wa mpira, na kingo za mfereji wa kii hukata kama wembe, kwa hiyo nilizungushia tepu juu ya mfereji kabla ya kuitelezesha, nikaibandua tepu baadaye. Ukiruka hatua hiyo, sili mpya itavuja siku hiyohiyo.

Wakati wa kurudisha nilipaka grisi nzito ekseli nzima, ndani ya habu na kwenye kii, nikajaza pia kifuniko cha plastiki ili maji yasipate pa kukaa. Gurudumu la kulia halivuji, lakini nalo nimelifungia pula ileile, na kwa sasa linakunywa dawa.